Kompyuta ya zamani haijafa, imekosa piloti tu

KABAMBARE – Kompyuta ya kituo kidogo cha redio ikinyamaza, wanaoumia si watangazaji peke yao. Mama aliyekimbia kijiji chake na kupokelewa na jamaa anangoja kusikia ni siku gani jetoni za chakula zitagawiwa. Baba anangoja tangazo la mtoto aliyepotea njiani. Mchuuzi anangoja kujua kama barabara ya Kasongo inapitika leo au mvua imeikata tena. Siku hizi habari hizo zote hupita ndani ya kompyuta kabla ya kufika kwenye antena. Humo ndimo sauti zinarekodiwa, zinakatwa na kupangwa.

Kompyuta zenyewe ni za zamani. Nyingine zilikuja kama msaada, nyingine zilinunuliwa zikiwa zimeshatumika miaka mingi kwa watu wengine. Hilo si aibu. Mashine ya zamani inayokula umeme kidogo wa paneli na kufanya kazi ni bora kuliko mpya isiyopatikana. Aibu ni kwamba nyingi zinatupwa stoo zikiwa nzima, kwa sababu ya kukosa faili ndogo ambayo ingeweza kuhifadhiwa bila gharama yoyote.

Mambo huwa hivi. Kompyuta inakuwa nzito au inaingiwa na virusi. Inapelekwa kwa fundi, naye anafuta kila kitu na kuweka Windows upya. Anaiwasha: skrini inawaka, kibodi inaandika, lakini sauti haitoki, wifi haionekani, na printa haitambuliwi. Jibu linalotolewa haraka ni kwamba kadi ya sauti imekufa. Mwenye mashine anaanza kutafuta dola za kununua nyingine. Lakini mara nyingi kadi hiyo haina ubaya wowote. Kilichopotea ni piloti yake, nayo ilifutwa siku ileile mashine iliposafishwa.

Piloti ni jina ambalo mafundi wa Kongo wamelichukua kutoka Kifaransa. Waliosomea Tanzania au Kenya huiita draiva. Ni programu ndogo inayofanya kazi ya mkalimani. Mzee anayesema Kibangubangu tu akikutana na mgeni anayesema Kifaransa tu, wote wawili wana akili na wote wana maneno, lakini bila mtu wa katikati hawataelewana. Windows ni mgeni yule, kadi ya sauti ni mzee, na piloti ndiye mkalimani. Mkalimani akiondoka, hakuna haja ya kumzika mzee.

Kwa nini wakalimani hawa wanazidi kuwa adimu? Kwa sababu kila mfumo wa kompyuta una tarehe ambapo mtengenezaji anaacha kuuhudumia. Microsoft iliacha Windows XP tarehe 8 Aprili 2014. Windows 7 ilifuata tarehe 14 Januari 2020, na Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025. Windows 11 inadai chipu ya usalama iitwayo TPM 2.0, na kwa mashine za Intel inadai kwa kawaida prosesa za kizazi cha 8 kwenda juu, ambazo zilianza kuuzwa mwaka 2017. Kompyuta nyingi zinazofika vijijini ni za kabla ya hapo. Mlango wa mbele umefungwa, na wa nyuma unaendelea kufungwa.

Watengenezaji wa vifaa nao wanasafisha maghala yao. Mwishoni mwa mwaka 2019 Intel ilianza kuondoa kwenye tovuti yake piloti za bidhaa zake za zamani. Aliyekuwa na nakala alibaki nayo. Aliyesema “nitaitafuta siku nikiihitaji” alikuta ukurasa mtupu.

Kuna pia shida inayokwenda kinyume. Vituo vingine vya redio vinapenda kubaki na Windows 7 kwa sababu programu yao ya kupangia vipindi, kama ZaraRadio, imezoeleka humo. Wakipata kompyuta iliyo mpya kidogo, wanataka kuiwekea Windows 7 hiyohiyo. Hapo wanakwama, maana Windows 7 ilitengenezwa bila piloti za USB 3. Katikati ya kazi ya kuiweka, panya inaganda na flashi haisomwi tena. Fundi anaapa kwamba mashine ina ubovu, kumbe mfumo ni wa zamani kuliko mashine.

Mtego mbaya kuliko yote ni ule wa intaneti. Piloti ya wifi inatafutwa kwenye intaneti, na intaneti haiingii bila piloti ya wifi. Hapo mtu anashika telefoni, ananunua mega kwa franka zake za mwisho, na kuandika jina la kompyuta kwenye ukurasa wa kutafutia. Kinachotokea kwanza ni tovuti zenye vitufe vikubwa vya rangi ya kijani zinazoahidi kupata piloti zote kwa dakika moja. Nyingi kati ya hizo zinauza programu zisizo na faida, na nyingine zinaleta virusi. Mega zinaisha, sauti bado haitoki, na mashine imeambukizwa upya.

Kwa aliyezoea kutuma mashine Bukavu au Goma, njia hiyo nayo imekatika. Miji hiyo miwili ilichukuliwa na M23 mnamo Januari na Februari 2025, na viwanja vya ndege vya Goma na Kavumu vikafungwa. Inabaki kupanda pikipiki hadi Kasongo, na pengine kuendelea hadi Kindu, kompyuta ikiwa mgongoni ndani ya mfuko wa plastiki. Kwa hiyo dawa ni lazima ipatikane hapa, kabla ya ugonjwa.

Dawa ya kwanza haina gharama. Kabla fundi hajafuta chochote, piloti zilizomo zinakiliwe kwenye flashi. Katika Windows 8.1 na Windows 10, mwenye mamlaka ya mashine hufungua dirisha la amri na kuandika mstari mmoja: dism /online /export-driver /destination:D:\piloti. Kabrasha hilo la piloti litengenezwe kwanza kwenye flashi, na herufi D ibadilishwe ikiwa flashi inaonekana kwa herufi nyingine. Katika Windows 7, inatosha kunakili kabrasha liitwalo FileRepository, lililo ndani ya C:\Windows\System32\DriverStore. Baada ya kuweka mfumo upya, Windows inaelekezwa kwenye nakala hiyo, na wakalimani wote wanarudi kazini. Fundi anayekataa kufanya hivyo kwa sababu ana haraka, mwenye mashine ana haki ya kuichukua kompyuta yake na kurudi nayo nyumbani.

Dawa ya pili ni ya yule ambaye ameshachelewa. Asitafute kwa jina la kompyuta, atafute kwa namba ya kipande. Katika ukurasa wa Windows unaoorodhesha vifaa vyote, kipande kisicho na piloti huwekewa alama ya njano. Ukifungua maelezo yake unakuta namba zenye herufi VEN na DEV, au VID na PID kwa vifaa vya USB. Ya kwanza inataja mtengenezaji: 8086 ni Intel, 10EC ni Realtek, 14E4 ni Broadcom. Ya pili inataja kipande chenyewe. Kwa namba hizo mtu anaweza kutafuta moja kwa moja kwenye Microsoft Update Catalog, ambako piloti nyingi za zamani bado zipo bila malipo. Piloti ya Windows 7 au 8 mara nyingi hukubaliwa na Windows 10, mradi zote ni za biti 64. Ya biti 32 haiingii kwenye mfumo wa biti 64, hata ukiilazimisha usiku kucha.

Na ule mtego wa wifi? Telefoni ya Android ikiunganishwa kwa waya wa USB na kuruhusiwa kugawa intaneti, mara nyingi kompyuta huiona kama kadi ya mtandao. Mega chache zinatosha kuleta piloti ya wifi, na nyingine zote zinafuata.

Dawa ya tatu ni kubadilisha mfumo wenyewe. Linux, iliyoanzishwa na Linus Torvalds mwaka 1991, haimlazimishi mtu kutafuta piloti moja moja, kwa sababu nyingi zimo ndani yake tangu mwanzo, zikiwemo za vifaa ambavyo watengenezaji wao walishavisahau. Debian 12, iliyotoka mwaka 2023, inakuja pia na faili za ziada ambazo kadi nyingi za wifi zinazihitaji. Zaidi ya hayo, baadhi ya mifumo ya Linux inaweza kuwashwa kutoka kwenye flashi bila kugusa chochote ndani ya mashine: mtu anasikiliza kama sauti inatoka, anaangalia kama wifi inaonekana, kisha ndipo anaamua. Audacity, inayotumika na redio nyingi kukatia sauti, inafanya kazi humo vizuri.

Lakini Linux isiuzwe kama muujiza. ZaraRadio ilitengenezwa kwa ajili ya Windows. Baadhi ya kadi za Broadcom bado zinasumbua, na printa nyingine hazitaki kabisa. Mashine za zamani sana za biti 32 nazo zinasukumwa pembeni: Debian 13, iliyotoka Agosti 2025, haina tena toleo la kuziwekea. Kituo cha redio kisibadilishe mfumo usiku wa kuamkia matangazo. Kijaribu kwanza kwa kompyuta moja isiyotegemewa.

Kuna jambo moja ambalo halina mjadala. Kompyuta yenye Windows iliyoachwa na mtengenezaji inaweza kuendelea kupiga muziki na kurusha vipindi kwa miaka, ikiwa haijaunganishwa na intaneti. Lakini mashine hiyohiyo isitumike kuhifadhi orodha za familia zilizohama makwao, majina ya wakuu wa familia, idadi ya watoto na mahali wanapolala, halafu ikaingizwa kwenye intaneti. Katika eneo lenye watu wenye silaha, orodha ya namna hiyo ikivuja ni hatari kwa uhai wa watu. Anayekusanya majina ya waliokimbia vita anawajibika kuyalinda, na ulinzi huo unaanza na mfumo ambao bado unapokea marekebisho ya usalama.

Wapo watakaosema kwamba haya ni mazungumzo ya watu walioshiba. Familia zinalala chini ya hema za plastiki, watoto wanakosa dawa, na mtu anaongelea kadi za sauti. Neno hilo lina uzito na halifai kudharauliwa. Ila jetoni huchapishwa kwa printa. Ripoti ya kituo cha afya inayoomba dawa huandikwa kwenye kompyuta. Tangazo la kwamba mgawanyo umesogezwa kutoka Jumanne hadi Ijumaa hupita redioni, na asiyelisikia anatembea na watoto njia nzima na kurudi mikono mitupu. Chombo kinachobeba habari ya chakula hakishindani na chakula.

Kwa hiyo kila mmoja ana sehemu yake. Mashirika yanayotoa kompyuta kama msaada yaache kuzikabidhi na picha ya ukumbusho peke yake. Kila mashine ije na flashi yenye piloti zake, na karatasi iliyobandikwa chini yake ikitaja modeli na mfumo uliomo. Vituo vya redio, shule na vituo vya afya vichague mtu mmoja wa kutunza nakala hizo, na jina lake lijulikane kama linavyojulikana la mtunza funguo.

Mafundi wa Kabambare, Kasongo na Salamabila wanaweza kufanya kubwa zaidi. Kila mmoja ana faili chache alizozitafuta kwa jasho lake na mega zake, na kila mmoja anazificha kama siri ya kazi. Wakizikusanya kwenye diski moja watakuwa na ghala ambalo halihitaji intaneti. Upo pia mkusanyo wa bure uitwao Snappy Driver Installer Origin. Ukichukuliwa mzima una uzito wa makumi ya gigabaiti, haufai kwa mega za telefoni, lakini mtu anayekwenda Kindu au Kinshasa anaweza kurudi nao kwenye diski ya kubeba mkononi. Fundi hatakosa wateja kwa kugawa faili. Mteja atamlipa kwa kazi, na atarudi kwa sababu mashine yake ilipona.

Diski hiyo isikae nyumba moja. Watu wa eneo hili wanajua maana ya kukimbia usiku ukiwa na mtoto mgongoni na sufuria mkononi, huku vingine vyote vikibaki. Nakala moja ikae Kabambare, nyingine Kasongo, na ya tatu iwe kwenye flashi ndogo mfukoni mwa mtu. Siku kituo kikilazimika kuhama, meza itabaki na viti vitabaki. Kompyuta ya kwanza ya zamani itakayopatikana huko mbele iweze kuwekewa piloti zake, na tangazo la mtoto aliyepotea lisomwe jioni hiyohiyo.