Kabla utoe doo, geuza iPod

Wasee, ukiuziwa iPod touch ya mtumba hapa Kawangware 56, usiamini rangi wala boksi. Ile ya 2015 na ile ya 2019 zinafanana kama mapacha. Igeuze usome maandishi madogo mgongoni: A1574 ni ya 2015, A2178 ni ya 2019. Ya kwanza iliishia iOS 12, so apu nyingi za sasa zitagoma. Ya pili ilifika iOS 15. Muuzaji akikuambia "zote ni moja tu", sawa, akuuzie kwa bei ya ile ya zamani. Akikataa uangalie mgongo, mwachie mali yake. Wengi wetu tunaona haya kukagua, eti ni ushamba. Ushamba ni kulipia namba hujasoma.