GEDE PANA WENYEWE

Tangu chama kitangaze kwamba safari ya mwaka huu huenda ikawa ya Pwani, gumzo bwenini limekuwa moja tu: Gede. Si Fort Jesus, si bahari, ambayo wengi wetu tumeiona pichani tu. Ni Gede, eti kwa sababu kuna mizimu! Kuna kikundi ambacho kimeshapanga kujitenga na mwalimu, kingoje giza liingie, halafu wapige mayowe makaburini waone nani atatimua mbio kwanza. Hata dau limewekwa: mkate mzima.

Mimi sipingi safari. Sipingi hata woga wenyewe. Kuogopa pamoja kuna utamu wake, na yeyote aliyewahi kusikiliza hadithi za majini bwenini stima ikiwa imepotea anajua. Ninachopinga ni huu mzaha wa kwenda kuzomea makaburi ya watu.

Hebu tuambiane ukweli. Nchiru ni hapa hapa kwetu Tigania. Pale pana nyumba ya Njuri Ncheke, na kila mtoto wa huku anajua kwamba asiyehusika haingii. Ni nani kati ya mashujaa hawa wa mkate aliyewahi kwenda kule usiku kupiga mayowe? Hakuna! Wanajua pana wenyewe. Lakini Gede, kwa kuwa ni ya watu wa mbali ambao wamekwisha kufa, imegeuka kuwa uwanja wa mchezo. Hapo ndipo ninapoudhika, jamani.

Gede palikuwa na wenyewe pia. Ni mji wa Waswahili uliomo msituni karibu na Watamu, Kaunti ya Kilifi. Uliachwa mahame mwanzoni mwa karne ya 17. Kuna kaburi lililoandikwa mwaka wa 802 wa Hijra, yaani 1399. James Kirkman, aliyeanza kuchimba magofu hayo mwaka 1948, aliandika kwamba mwanzoni alihisi kama kuna kitu kinamchungulia kutoka nyuma ya kuta. Watu hupenda sana kusimulia hilo, kisha wanaishia hapo. Hawasemi kwamba aliendelea kuchimba kwa miaka kumi, na kwamba alichofukua hakikuwa mashetani, bali vyombo vya watu. Nyumba zenyewe zilipewa majina ya vitu vilivyookotwa ndani: Nyumba ya Mkasi, Nyumba ya Simbi, Nyumba ya Kisanduku cha Pembe ya Ndovu. Palikuwa na sahani za kutoka Uchina. Palikuwa na visima, na vyoo vya ndani. Vyoo vya ndani, enzi hizo! Sisi mpaka leo tunatoka na tochi.

Na kwa nini waliondoka? Wataalamu hutaja mashambulizi ya Waoromo, tena mtawala wa Malindi alihamia Mombasa mwaka 1593. Hutaja pia maji: kisima kilicho kando ya msikiti mkuu kilibidi kuongezwa kina. Mimi hilo la kisima linanitisha kuliko jini lolote. Fikiria mama anateremsha ndoo asubuhi, na ndoo inagonga mawe makavu. Wale wanaotoka sehemu kavu za chini ya milima ya Nyambene hawahitaji kuelezwa.

Mambo ni yayo hayo kule Menengai, Nakuru. Wakikuyu hupaita Kirima kia Ngoma. Ngoma hizo si za kuchezwa, ni zile ambazo sisi Wameru huziita nkoma. Vijana huenda pale kutafuta mashetani. Ni wachache wanaouliza kuhusu Wamaasai waliopigana wao kwa wao huko katika karne ya 19, ambao husimuliwa kwamba walioshindwa walitupwa shimoni.

Sasa nasikia mtu akisema, "Basi tusitembee, tusicheke?" La hasha! Kule Kwale kuna Kaya Kinondo, msitu mtakatifu wa Wadigo. Wageni huruhusiwa kuingia, lakini kwanza hufungwa kitambaa cheusi, na hawatoki na hata jani moja. Mgeni anapata msisimko wake na wenyewe wanabaki na msitu wao.

Gede haina wazee wa kutufunga vitambaa, ingawa mwaka 2024 UNESCO iliitia katika orodha ya Urithi wa Dunia. Kwa hivyo naiomba kamati ya safari ipange tufike asubuhi, tuchukue mwelekezi, na kila mtu akae na kundi lake. Huyo mwenye dau naye aulizwe kwenye basi: Nyumba ya Mkasi iliitwa hivyo kwa nini? Akijibu, mkate ni wake, ila autafune kabla hatujashuka. Kima wa Gede hawaogopi mtu wala mzimu.