NJIA YA WAENDAO KWA MIGUU

Siku za kudai Uhuru, wengi waliopeleka habari za Chama kutoka tawi hadi tawi walikwenda kwa miguu au kwa baiskeli. Gari lilikuwa la Bwana Shauri. Mkoloni aliugawa mji wa Dar es Salaam kuwa Uzunguni, Uhindini na Uswahilini, na kila mtu akajua barabara nzuri ni ya nani. Uhuru ulipopatikana mwaka 1961 tulisema ubaguzi huo umekwisha. Je, umekwisha barabarani?

Hatusemi kwamba hakuna lililofanywa. Mabasi yaendayo haraka yalipoanza mwezi wa Mei 2016, kutoka Kimara hadi Kivukoni, waendao kwa miguu na wapanda baiskeli nao walijengewa njia zao kando ya Barabara ya Morogoro. Mwaka 2018 mji wetu ulikuwa wa kwanza katika Afrika kushinda tuzo ya kimataifa ya usafiri endelevu. Tulijivuna, na ilikuwa haki yetu kujivuna.

Lakini kujenga ni kazi ya mara moja. Kutunza ni kazi ya kila siku. Leo katika mitaa mingi utaona bodaboda zinakimbia foleni juu ya njia ya miguu. Utaona gari limeegeshwa hapo tangu asubuhi, na mwenyewe yumo ofisini. Mfuniko wa mtaro umeibwa ukauzwa chuma chakavu, na shimo limeachwa wazi mpaka mvua za masika zilifunike kwa maji. Mtoto wa shule hushuka barabarani akapambana na lori. Asiyeona huongozwa na fimbo yake mpaka kwenye gurudumu la gari. Akigongwa, husemwa hakuwa mwangalifu. Apite wapi, ikiwa mahali pake pamechukuliwa?

Wako wasemao kwamba barabara ni za wenye magari kwa sababu wao ndio wanaozilipia. Si kweli. Fedha za Mfuko wa Barabara hutokana zaidi na tozo ya mafuta, na kila kabwela anayepanda daladala huilipa tozo hiyo ndani ya nauli yake. Anayelipa nauli jioni ndiye atembeaye kwa miguu kutoka kituoni hadi nyumbani. Anadai chake, haombi sadaka.

Wengine watamnyoshea kidole machinga na mama lishe. Hapa tuseme kweli. Mwaka 2018 walipewa vitambulisho, wakaambiwa wafanye biashara bila kubughudhiwa. Mwaka 2021 wakaondolewa kando ya barabara. Mtu aliyepelekwa mahali pasipopita wanunuzi atarudi, maana watoto wake hawali amri. Wapangiwe mahali penye watu, karibu na vituo, na njia ibaki wazi. Lakini haki haianzi kwa kumwaga nyanya za mama mjane huku gari la mkubwa likiachwa juu ya njia ile ile. Ianze na gari.

Tunadai mambo matatu. Kwanza, kila fedha ya matengenezo inapotolewa, iwe kwa TANROADS au TARURA, njia za miguu na za baiskeli ziwe na fungu lao linalojulikana. Pili, mifuniko iliyoibwa irudishwe kwa zege, ambayo haina soko kwa mwizi wa chuma. Tatu, sheria ya kuegesha magari imshike mkubwa na mdogo.

Na sisi wana-Chama tusikae tukingoja. Kila tawi litembee mitaa yake, liandike kila shimo na kila kivuko kilichofutika rangi, na lipeleke orodha hiyo kwa Mwenyekiti wa Mtaa na kwa Diwani. Lisiache kuuliza mpaka kazi ifanyike. Kiongozi asiyejua mashimo ya mtaa wake, ashuke garini atembee nasi.

Uhuru na Kazi!