Kuongeza oili si kutengeneza injini

Najua nimeadimika, wengine mlishaanza kuuliza kama bumu limenimeza. Hapana, nilikuwa nyumbani Mlola likizo, na nimerudi chuoni kucha zikiwa bado nyeusi. Rumimeti wangu kanicheka: "We si mwalimu mtarajiwa, mbona unanuka gereji?" Basi leo niwape sababu, na mwisho nitasema langu.

Mjomba wangu ana mashine ya kusaga. Injini yake ni dizeli ya zamani, silinda moja, ilikuwa kwenye boti huko Tanga kabla mwenyewe hajaiuza. Mjomba akaipandisha milimani, akaifungia pipa la maji la kuipoza, na kwa miaka mingi imesagia watu mahindi. Tatizo ni moja: inavuja. Chini kuna karai, sakafu nyeusi, na kila siku mbili mjomba anaongeza lita nzima ya oili. Piga hesabu mwenyewe: siku sita za kazi kwa wiki ni lita tatu, kwa mwezi kama kumi na mbili. Hizo ni ada za mtoto zinadondoka chini taratibu!

Fundi alishabadilisha sili ya krankishafti mara mbili na kupaka silikoni kila mahali. Wiki mbili tu, inarudi palepale. Mjomba akakata tamaa, akaanza kuongea na wanunuzi wa vyuma chakavu. "Mpwa wangu, uzee hauna dawa," akaniambia. Sasa jamani, mashine ikiondoka, akina mama wa upande wetu watabeba debe kichwani mpaka wapi? Milima yetu mnaijua.

Nikamwomba anipe siku mbili. Kwanza tulimpigia simu mzee mmoja fundi wa boti Tanga. Hakuuliza sili ya aina gani. Aliuliza swali moja: "Linapumua?" Sikuelewa. Akaniambia lioshe kwanza, ndipo utafute.

Tukalizima, likapoa, tukaliosha kwa dizeli na brashi, tukalifuta mpaka likakauka. Kisha tukapaka unga mkavu, kidogo tu, kwenye maungio yote. Unga ndiyo kitu ambacho hatukosi pale! Tukawasha dakika kumi, tukazima, tukaangalia ulipolowa kwanza. Maana oili inashuka chini na kupeperushwa na gurudumu, kwa hiyo pale inapodondokea sipo inapotokea. Unatafuta sehemu ya juu kabisa iliyolowa. Kwetu zilikuwa mbili: sili ya upande wa gurudumu, na mfuniko wa pembeni.

Halafu tukatafuta pa kupumulia. Wadau, kile kitundu kilikuwa kimezibwa na unga uliochanganyika na oili, ukagandamana kama ugali wa jana, na juu yake mtu kapaka rangi!

Hapa ndipo fizikia ya sekondari ilipogonga kichwani. Pistoni inaposhuka inasukuma hewa iliyomo tumboni mwa injini. Na ringi zikichakaa, moshi wa mlipuko unapita pembeni yake unaingia humohumo. Presha hiyo isipopata njia, inajitafutia yenyewe, na njia rahisi ni kwenye sili, ikitoka na oili. Ungeweka sili mpya kila mwezi, ingesukumwa tu. Nyingine zina kivalvu kwenye tundu hilo, kinatoa hewa bila kuirudisha, ili ndani pawe na mvuto kidogo. Kikifa, mambo ni yaleyale.

Tukazibua, tukasafisha, tukaweka sili mpya. Shafti ilikuwa imechimbika mfereji pale sili ya zamani ilipokuwa ikisugua, kwa hiyo ya sasa tuliikalisha mbele kidogo ili iguse chuma laini. Ule mfuniko nao ulikuwa umepinda kwa kukazwa boliti kwa hasira. Tukaunyoosha, tukakata gasketi mpya, tukakaza kidogokidogo kwa kupishana. Siku ninaondoka, karai lilikuwa na matone tu. Sisemi imepona, maana ringi bado zimechoka na itabidi zibadilishwe. Ila mnunuzi wa chuma chakavu kaambiwa arudi alikotoka.

Sasa langu ni hili. Sisi tumezoea kuongeza, hatupendi kuuliza. Najua hoja ya mjomba: kufunga mashine siku nzima ni hasara. Kweli, lakini kuna siku utasahau ile lita, na beringi zitakufa kwa saa moja. Oili ikifika kwenye mkanda, unateleza. Na ile inayomwagika inaenda wapi? Mvua ikinyesha inashuka kijitoni, tunakomwagilia kabichi. Kwenye boti ni hatari zaidi, maana inajikusanya ngamani, na ikirukia bomba la moshi lenye moto ni balaa. Tena sheria za kimataifa zinazuia meli kumwaga maji ya ngama yenye oili zaidi ya sehemu 15 kwa milioni.

Na wanaosema kizee hakitengenezeki, waikumbuke Liemba ya Kigoma. Wajerumani walipoizamisha wenyewe mwaka 1916, mafundi wake waliipaka mitambo grisi nene kwanza. Ilipoibuliwa mwaka 1924, mitambo ile ya mvuke ilikuwa bado inafaa, na mwaka 1927 ikarudi kazini. Dizeli ilikuja baadaye sana. Kilichoiokoa ni mtu aliyejali kabla ya kuondoka.

Mimi nikipangiwa shule, somo la presha sitaanza na kanuni ubaoni. Nitawapeleka wanafunzi kwenye mashine ya kusaga, iwe imezimwa lakini, niwaulize: linapumua? Wakijibu hilo, kanuni itafuata yenyewe.

Haya, mwenye mjomba mwenye injini inayovuja ampelekee ujumbe. Mimi naenda kusugua kucha, kesho nina prezentesheni.