Neno la Mhariri: Hesabu ya Butura Iingie Darasani

Kila Januari, shule zinapofunguliwa, wilaya za Karagwe na Kyerwa huchangamka biashara isiyobandikwa bei mahali popote. Kahawa bado mbichi mtini na msimu wa kuuza haufunguliwi mpaka Mei hivi, lakini mzazi anadaiwa sare, madaftari na mchango wa chakula. Ada ya kidato cha kwanza hadi cha nne katika shule za Serikali iliondolewa mwaka 2016. Hayo mengine yamebaki. Hapo ndipo anapobisha hodi mtu mwenye fedha taslimu. Anazunguka shambani, anakadiria mavuno kwa jicho, wanapatana bei kahawa ikiwa bado mtini. Wenyeji wanaiita biashara hiyo butura, na viongozi wa Serikali wameikemea mara nyingi bila kuimaliza.

Chukua mfano wa darasani. Mzazi anapokea shilingi 100,000 kwa ahadi ya gunia moja la kahawa ya maganda, kilo 80. Msimu unafika, kilo moja inauzwa shilingi 3,000. Gunia lile sasa lina thamani ya shilingi 240,000. Aliyetoa laki moja amepata faida ya 140,000, yaani asilimia 140 kwa miezi mitano. Mzazi huyohuyo angekopa laki moja kwenye kikoba kinachotoza asilimia 10 kwa mwezi, riba isiyolimbikizwa, angerudisha 150,000 na kubaki na 90,000 mkononi. Asilimia 10 kwa mwezi ni riba kali. Bado ni nafuu kubwa kuliko butura.

Hesabu hiyo haimshindi mwanafunzi wa darasa la sita: ni kuzidisha, kutoa na kutafuta asilimia. Hata hivyo anaweza kufika kidato cha nne asiulizwe swali la namna hiyo hata mara moja, ingawa daftari analoandikia huenda lilinunuliwa kwa fedha ya butura.

Wapo watakaosema mkulima hauzi kahawa ikiwa mtini kwa kutojua hesabu. Anauza kwa sababu mtoto anaumwa na nyumbani hakuna senti. Ni kweli, na jarida hili halina nia ya kuwasimanga wazazi. Hesabu haileti fedha. Inachofanya ni kumwezesha mtu kulinganisha milango miwili kabla ya kuingia mmojawapo, au, akilazimika kuingia ule mbaya, kuuza nusu gunia badala ya zima.

Wakati wa kulisema jambo hili ni huu. Tangu Januari 2025, Elimu ya Biashara ni somo la lazima kwa wanaoanza kidato cha kwanza, chini ya mtaala mpya uliofuata Sera ya Elimu na Mafunzo ya 2014, toleo la 2023. Ni hatua njema. Hofu iliyopo ni kwamba somo litaishia kwenye kukariri fasili: biashara ni nini, mjasiriamali ni nani, taja sifa zake tano. Tena linafundishwa kwa Kiingereza, kwa kijana anayepatana bei ya ndizi kwa Kinyambo pale Omurushaka na kuhesabu chenji kwa Kiswahili pale Nkwenda. Hisabati yenyewe inajulikana ilivyo: kwa miaka ya karibuni, kati ya watahiniwa wanne wa kidato cha nne, anayefaulu ni mmoja hivi.

Kitabu bora cha kuanzia kimo katika kila nyumba yenye kahawa, nacho ni stakabadhi ya chama cha msingi. Mwalimu aiweke mezani wanafunzi waisome mstari kwa mstari. Uzito uliopimwa ni upi, na umepunguzwa kiasi gani kwa ajili ya gunia lenyewe? Gunia la katani lina kilo moja hivi. Karani akipunguza mbili, mwenye magunia kumi amepoteza kilo kumi, na kwa bei ya mfano wetu hizo ni shilingi 30,000. Mizani ina stika ya Wakala wa Vipimo? Bei iliyotangazwa mnadani ni ipi, na iliyomfikia mkulima ni ipi? Tofauti hiyo imeundwa na makato gani? Halafu lije swali gumu kidogo. Maganda yakikobolewa, kahawa safi inayobaki ni takriban nusu ya uzito. Kilo 80 za maganda zitatoa 40 za kahawa safi. Ikiwa kahawa safi ni shilingi 6,500 kwa kilo, mkulima atapata 260,000, shilingi 20,000 zaidi ya kuuza maganda. Ukitoa gharama ya kukoboa na ya bodaboda, kuna kilichobaki?

Kwa wanafunzi wa Murongo, mpakani, somo lina nyongeza. Ng'ambo ya daraja ni Kikagati, Uganda, na huko nako fedha inaitwa shilingi, ila thamani ni nyingine. Asiyejua kubadili viwango kichwani hupunjwa katikati ya daraja.

Mwaka 1967 Mwalimu Nyerere alipoandika juu ya Elimu ya Kujitegemea, alitaka shule ziwe na mashamba na wanafunzi washiriki kuamua matumizi ya mapato. Jembe lilifika shuleni. Daftari la mapato mara nyingi lilibaki ofisini kwa mkuu wa shule. Shule yenye migomba au mibuni leo ina somo zima la biashara nje ya dirisha, mradi wanafunzi waonyeshwe mbolea iligharimu kiasi gani na mikungu iliuzwa kwa nani.

Hayo hayahitaji mradi wa wafadhili. Vyama vya msingi vinaweza kuzipa shule za jirani nakala za stakabadhi zilizofutwa majina na kuwaruhusu wanafunzi kushinda siku moja mizanini msimu ukifunguliwa. Maofisa elimu wa wilaya hizi mbili nao waweke swali moja la butura katika mtihani wa majaribio ujao, lenye alama za kutosha kumfanya mwalimu alifundishe.