Kiuno Kiumapo, Tusilaumu Jembe Peke Yake

Mkulima wa Mwamapalala, mkoani Simiyu, huinama tangu mvua za kwanza hadi pamba ifikapo ghalani. Hulima, hupalilia, huchuma, na penye majaluba hupandikiza mpunga. Jioni ajishikapo kiuno hakuna amwulizaye sababu, kwa kuwa jembe lajulikana.

Dhana hiyo si ya kudharauliwa. Shirika la Afya Duniani lakadiria kwamba mwaka 2020 watu milioni 619 ulimwenguni walisumbuliwa na maumivu ya kiuno, na kwamba takriban tisa katika kila kumi hawana ugonjwa maalumu uwezao kutajwa kuwa chanzo. Wengi hupata nafuu katika majuma machache, hasa waendeleapo kutembea na kufanya kazi nyepesi badala ya kulala kutwa kitandani. Kumpiga eksirei kila aumwaye kiuno kungekuwa upotevu wa fedha na wa muda.

Hoja yetu yawahusu wachache waliobaki, ambao baadhi yao wamebeba ugonjwa mkubwa. Hao hupewa vidonge vya kutuliza maumivu mara ya kwanza, ya pili na ya tatu, pasipo mtu kuwauliza ni dalili gani nyingine zilizofuatana na maumivu hayo. Ugonjwa mkubwa wa mgongo mara nyingi haukai peke yake. Huja na wenziwe.

Mfano ulio wazi ni kifua kikuu cha mgongo. Mwaka 1779 tabibu Mwingereza Percivall Pott alieleza maradhi yaletayo kibyongo na udhaifu wa miguu. Leo twajua kwamba chanzo chake ni bakteria wa kifua kikuu, ambao Robert Koch aliwatambua mwaka 1882. Bakteria hao huzila pingili za mgongo polepole, na mgonjwa aweza asikohoe hata kidogo. Huku maumivu yakizidi, yeye hukonda, hupata homa za jioni na kutoka jasho usiku. Mgongo wa namna hiyo ukikandwa kwa nguvu waweza kudhurika zaidi.

Mazingira ya wakulima na wafugaji yana hatari nyingine pia. Anywaye maziwa mabichi aweza kuambukizwa brusela, ambayo huleta homa ya kupanda na kushuka pamoja na maumivu ya kiuno na viungo. Minyoo ya kichocho, ipatikanayo katika maji yenye konokono, kwa kawaida hudhuru kibofu au utumbo. Lakini mara chache mayai yake hufika kwenye uti wa mgongo, na kijana mwenye nguvu akapooza miguu. Kwa wazee, saratani ya tezi dume au ya matiti yaweza kuenea hadi mifupani na kujitokeza kwanza kama maumivu ya mgongo.

Basi yapo maswali ambayo hapana budi kila aumwaye kiuno aulizwe. Je, maumivu yanazidi juma hata juma, na hayatulii hata usiku akiwa amelala? Je, ana homa, au anakonda pasipo sababu? Je, amewahi kuugua saratani au kifua kikuu, au anaishi na virusi vya UKIMWI? Je, alianguka, au mgongo wake umechomoza mahali? Jibu la ndiyo lataka uchunguzi, wala si vidonge zaidi. Na iwapo miguu inalegea, mapaja na makalio yameingia ganzi, mkojo umeziba, au haja zinatoka bila hiari, mgonjwa afikishwe hospitali siku ile ile. Mishipa ya fahamu iliyobanwa haingoji mavuno yaishe.

Wapo watakaosema kwamba zahanati ina watu wengi na watumishi wachache. Ni kweli, lakini maswali haya hayahitaji mashine wala umeme. Aidha, yaweza kuulizwa nyumbani na ndugu wa mgonjwa, au na mhudumu wa afya wa kijiji, kabla safari ya zahanati haijaanza.

Nchi yetu ina sababu ya pekee ya kulizingatia jambo hili. Mpango wa Taifa wa Kudhibiti Kifua Kikuu na Ukoma ulianza mwaka 1977, na utaratibu wake wa matibabu ukawa mfano kwa mataifa mengine. Dawa za kifua kikuu hutolewa bila malipo. Kwa hiyo mtu apoozwaye na maradhi hayo leo mara nyingi hakukosa dawa. Alikosa kuulizwa mapema. Tuyafundishe maswali haya katika zahanati, shuleni na kwenye mikutano ya kijiji, ili jembe libebe lawama zake lenyewe, na maradhi nayo yatajwe kwa jina lake yangali yatibika.