Gofu la Top Withens

Wako wasomaji wapandao nyika ya Haworth, huko Yorkshire, Uingereza, wakalitazama gofu la Top Withens, wakashuka wakiamini wameiona nyumba ya Wuthering Heights, riwaya ya Emily Brontë iliyotoka mwaka 1847. Hawakuiona. Kibao kilichowekwa pale na Chama cha Brontë mwaka 1964 chakiri kuwa jengo lile, hata lilipokuwa zima, halikufanana na nyumba ya kitabuni. Labda mahali lilipo tu ndipo palipomkaa mwandishi moyoni. Watu hukisoma kibao, wakapiga picha, wakarudi na imani yao! (Njiani mna vibao vya Kijapani pia, upotevu huu hauna taifa.)

Kuitembea nyika hakuna lawama. Emily aliitembea tangu utotoni. Lakini sehemu kubwa ya riwaya yake hutendeka ndani ya kuta. Aliyeijua nyika kwa nyayo zake aliiacha nje ya mlango, ivume. Basi adaiye jiwe la kugusa amnyang'anya mwandishi kazi yake, nayo ni kujenga nyumba isiyokuwako. Mwenye kuitaka nyumba hiyo ataikuta katika sura ya kwanza.